Mirija Mitatu Ambayo Sikuivuta

Kila Jumamosi, nikishaosha vyombo, huvaa ovaroli yangu na kumfuata mama gereji. Mama ni fundi wa magari na watu humwita Mama Spana. Wapo wanaomcheka mwanzoni, lakini wakishasikia gari lao linavyonguruma, hawarudii. Mimi nina miaka kumi na mbili, na mpaka Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilijiona fundi kamili. Nilikuwa na kichwa kikubwa kuliko injini!

Jumamosi hiyo tulikuwa tunaunda upya injini ya gari la zamani la nesi mmoja mstaafu. Injini yake haina rejeta; hupozwa kwa upepo wa feni. Mama alisema injini za namna hii zina ugonjwa mmoja, kuvuja oili, na dawa yake ni usafi na subira. Tulisugua vipande viwili vya tumbo la injini mpaka vikang'aa, kisha akapaka gundi nyembamba pale vinapokutana.

"Usidhani gundi nyingi ndiyo kuziba," alinionya. "Ikizidi inaingia ndani na kuziba njia za oili."

Kazi yangu ilikuwa mirija minane ya bati yenye mikunjo nchani, ambamo oili hupita kurudi chini. Kila ncha ya mrija hukaa kwenye mpira wa kuzuia oili, yaani sili. Mirija ya zamani hufupika kwa kubanwa miaka mingi. Kwa hiyo kabla ya kuifunga, unaivuta polepole mpaka kila mmoja uzidi kidogo kijiti cha kipimo. Usipoivuta, haizibani sili, na oili hutoka.

Nilivuta mitano. Vidole vikaniuma, na nje wenzangu walikuwa wakiniita, mechi ya netiboli inaanza. Nikaitazama ile mitatu iliyobaki. Aa, mbona iko sawa tu!

"Yote tayari?" mama akauliza.

"Yote minane, mama."

"Umepima?"

"Nimepima."

Nikatoka mbio. Siku hiyo nilifunga mabao manne, wala sikuukumbuka uongo wangu.

Jumatatu nilipotoka shule, injini ilikuwa imeshawashwa. Ilipopata moto tu, oili ikaanza kudondoka, to, to, to, juu ya sakafu. Mama akachungulia chini.

"Inatokea kwenye sili," alisema kwa hasira. "Zile mpya! Babu Spea ameniuzia feki."

Babu Spea ni mzee mwenye duka dogo la vipuri karibu na gereji. Mama alinikamata mkono tukaenda. Dukani tuliwakuta madereva watatu wa teksi wakichagua plagi.

"Babu, miaka kumi nakuamini, leo unaniuzia sili feki?" Mama hakusalimia hata.

Babu akavaa miwani. "Mwanangu, zile sili nilizichagua mwenyewe, moja moja. Labda tuangalie pamoja..."

"Tuangalie nini? Mzee mzima huoni haya kuibia watu!"

Dereva mmoja akarudisha plagi aliyoishika. "Kumbe ndiyo maana gari langu linazimika ovyo," akasema. Wote watatu wakaondoka. Babu akabaki akizirudisha plagi kwenye boksi.

Nilijua. Nilikuwa nimesimama pale pale, najua kila kitu, na nikageuka tu kumfuata mama gereji. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jioni niliacha chakula sahanini, mama akadhani naumwa, akanipa pole. Ile pole iliniumiza kuliko kofi.

Kesho yake baada ya shule nilimkuta mama ameshafungua injini, anajiandaa kuweka sili za duka jingine.

"Mama, sili hazina kosa," nikasema, machozi yananitoka. "Mirija mitatu sikuivuta. Nilikudanganya."

Mama alichukua kijiti, akapima. Mitatu ilikuwa mifupi. Nilingoja anifokee, lakini alikaa juu ya tairi.

"Nimemwita mzee wa watu mwizi," alisema hatimaye. "Wewe umesema uongo, na mimi sikupima. Simama twende."

Dukani mama alipiga magoti. "Babu, nimekukosea. Nisamehe." Kisha akanitazama. Nikasema yote. Uso wangu uliwaka moto.

Babu alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimewasamehe," akasema. "Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Injini ukiiharibu, unaifungua na kuanza upya. Jina la mtu ukiliharibu, limeshaondoka na waliosikia. Walikuwa watatu. Wafuate."

Mchana ule tulivuta ile mirija, tukapima yote minane, na tukazirudisha sili zile zile za Babu. Jumatano injini iliunguruma saa nzima na boksi tulilotandika chini likabaki kavu. Nesi akaondoka akipiga honi.

Mimi nilikwenda kituo cha teksi. Mama alitaka kunisindikiza, nikakataa. Dereva wa kwanza alinisikiliza na kutikisa kichwa. Wa pili alisema, "Ama kweli, njia ya mwongo ni fupi," nami nikakubali. Wa tatu, yule aliyerudisha plagi, alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Sasa mimi nimeshamwambia mke wangu," akasema, "na yeye amewaambia majirani."

"Wanakaa wapi?" nikamuuliza.

Akanionyesha mtaa. Nikafuta machozi, nikaanza na mlango wa kwanza.