Hodi ya Tatu

Haya yalimpata rafiki yangu Protasi, na hapendi kuulizwa. Ilikuwa miaka ile intaneti imeingia Morogoro na kila chama kinataka tovuti. Chama cha wakulima wa mboga kilimpa chumba katika ofisi yao huko juu Uluguru, kando ya stoo tupu iliyofungwa kwa kufuli, atengeneze ukurasa wa kupokea maswali ya wanunuzi na kuwajibu papo hapo. Siku ya mwisho ikafika; wanunuzi wangekuja kuuona kesho yake.

Ukurasa ukagoma. Kila akiufungua, mweupe pe. Akakagua kila nukta mkato ya msimbo alioandika, akabadili neno la siri la hifadhidata, akaizima seva na kuiwasha tena. Mweupe vilevile.

"Mashine gani hii isiyo na adabu," akafoka peke yake.

Mchana huo wingu lilishuka hadi madirishani, chumba kikaingia giza. Akaandika kwenye kibodi, akilituma moja kwa moja kwa seva, neno la majaribio, "Hodi," ambalo ukurasa ulipaswa kulijibu "Karibu." Kimya. Akaandika tena. Kimya. Akaligonga mara ya tatu kwa hasira, na umeme ukakatika.

Feni ya kompyuta ikapunguza mwendo, ikasimama. Yakabaki matone ya mvua kwenye bati.

"Karibu," ikajibu sauti ya kike kutoka stoo. "Pita, Protasi."

Hodi zote tatu aliziandika kwa vidole, hakutamka hata moja. Akageukia mlango wa stoo. Kufuli lilikuwa palepale, kwa nje. Kwa ndani, komeo likaanza kuvutwa.