Zaina Hapandi Puto

Nusu ya Kalemie ilikuwa imejaa uwanjani kuona puto kubwa la hewa ya moto likivimba, na Néhémie hakuwa na muda wa kutazama sura za watu. Kazi yake ilikuwa kuwauliza waliotaka kupanda. Umefanyiwa operesheni karibuni? Utaweza kusimama saa nzima? Hebu chuchumaa tuone, maana wakati wa kutua kikapu hugonga chini, na asiyeweza kukunja magoti ataumia.

"Uko na mimba, mama?"

"Leo naitwa mama? Jina umesahau?"

Kalamu ilimponyoka. Zaina! Kitenge cha njano, ushungi mweupe, na mzuri kuliko siku ile Néhémie alipoondoka kwenda kufanya kazi Piana-Mwanga, akiapa kupiga simu kila Ijumaa.

"Cheri wangu, nilikupigia! Kaka yako Jamil njo alijibu. Alisema umeolewa."

"Na weye ukaamini."

"Ningefanya nini?"

"Ungekuja kuniuliza mimi. Ulikaa kule miezi ine, Néhémie!"

Kweli alikaa. Alikunywa, akajihurumia, akadhani huko ndiko kupenda. Wako wanaume wa namna hiyo, na mimi siwaonei huruma.

"Jibu swali la mimba," Néhémie alisema.

"Miezi ine. Hesabu mwenyewe."

"Basi haupande. Zaina, nitakuoa. Leo hii naenda kwa mama yako..."

Twahiri, fundi wa injini za boti aliyekuja na Zaina, alirudi akicheka kutoka kwenye mizani ya kupimia abiria. "Kilo makumi munane! Bibi arusi wangu, tupande?"

"Kikapu kimejaa," Néhémie alidakia. Alitaka kumsitiri Zaina, mimba isijulikane.

Twahiri alimtazama yeye, kisha Zaina. "Njo sababu ya mimba?"

Zaina aliitikia kwa kichwa. Twahiri akamgeukia Néhémie.

"Mutu aseme tu, papa. Siku aliniambia iko na mimba ya mwingine, nilimujibu mutoto atabeba jina langu. Sasa nimuhatarishe juu ya mchezo?" Alimpa Néhémie mkono. "Asante, ndugu. Unajua kazi yako." Akatangulia kuwasha pikipiki.

Néhémie alimshika Zaina kiwiko. "Unamupenda?"

"Nitajifunza." Macho yalimjaa machozi, lakini sauti haikutetemeka. "Weye nilikupenda mpaka nikaona haya mbele ya mama yangu. Usinipigie tena."

Akajitoa mkononi mwake, akaenda kupanda pikipiki ya Twahiri.