Mwandiko Ulionenepa

Herufi zilianza kunenepa Jumanne. Jepkosgei wa saluni alirudi kwenye duka la mabango la Fridah, mtaa wa Kibomet, amekunja uso. "Fridah, si niliomba ule mwandiko mwembamba? Njoo uone bango langu, limevimba."

Fridah alicheka. Stika haivimbi bana. Mwandiko wenyewe aliuleta Kibiwott, mshirika wake, mapema mwaka huo wa 2006, kwenye sidii ya kompyuta aliyopewa Nairobi na mtu asiyemjua jina: herufi nyembamba, zenye pembe kali, utadhani zimetoka mwaka elfu tatu. Kitale nzima iliutaka. Ushamba haukosi sare.

Lakini Joy, bintiye Fridah wa miaka sita, alikuwa anakonda. Alikula akamaliza sahani, na bado akakonda. Hospitalini walipima wasione kitu. Kila bango liliponenepa mjini, mbavu za mtoto zilizidi kuhesabika, na mchana mvua ikinyesha duka lilinuka nywele zilizoungua.

Fridah akamwita Mama Edah, mwombezi wa Kimilili. Mama aliweka mkono juu ya kompyuta, akauondoa haraka.

"Hii kitu ni jini," alinong'ona. "Ilipewa jina la mtu kwanza, ndio ikubali kazi. Tafuta."

Fridah akatafuta kwenye kompyuta. Kazi ya kwanza kabisa kuandikwa kwa mwandiko ule, siku ile ile sidii ilipofika, ilikuwa neno moja: JOY.

Kibiwott, alipoitwa aione, alitazama sakafu. "Ilitaka jina la mtoto. Mimi sina mtoto, Fridah."

Huyu ndiye aliyembeba Joy siku ya ubatizo.

"Mkono ulioandika ndio utakaofuta," Mama Edah alimwambia Kibiwott. "Na jina lingine liingie hapo. Ni haki liwe lako."

Kibiwott alilia, akakubali, akaomba aachwe peke yake. Wanawake wawili wakasimama nje kwenye manyunyu, wakasikia kibodi, kisha mashine ya kukata stika ikianza kukwaruza polepole, na harufu ile ikapita chini ya mlango ikawaingia kooni, na Fridah, aliyekuwa ameapa kumchukia mtu huyu hadi kaburini, akajikuta anamwonea huruma, anamwombea, anamsamehe kabisa kutoka moyoni, mpaka mashine ikanyamaza.

Wakaingia. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, Kibiwott hayupo. Kwenye mashine ilining'inia stika mpya, nyembamba, yenye pembe kali: FRIDAH.

Mama Edah alikaa chini.

Jioni hiyo Joy aliamka, mashavu yamepata damu, akaomba uji. Fridah alimpelekea. Njiani alikishika kikombe kwa mikono miwili, maana mmoja, uliokwisha kukonda, haukutosha tena.