Karatasi Yangu Haina Njia

Nina miaka makumi tano na mbili, mujane, mama ya watoto wane. Niko na shamba la miti ya ngazi, zile chikichi za mafuta, karibu na Kalemie, niko na karatasi ya serikali yenye jina langu... na sina pahali pa kupitisha hata bidoni moja ya mafuta! Musinihurumie haraka, ndugu zangu. Sikilizeni kwanza.

Vita ilitutoa upande wa Nyunzu. Nikafika huku na watoto na sufuria moja. Mama Feza njo aliyenipokea. Hatukuwa hata ndugu! Alinikatia kipande katikati ya mashamba yake, akanipa na jembe. Huku kila muntu anajua: mugeni anapanda muhogo, anapanda karanga, lakini miti hapandi. Mwenye miti njo mwenye udongo.

Mwaka wa pili yeye mwenyewe akaniletea miche ya ngazi. Akasema nipande, watoto wangu wapate mafuta. Shemeji zake walinung'unika, yeye akawacheka. Ni nani angenifanyia vile?

Kisha mambo ya udongo yakageuka. Watu wa kupima wakaja na kamba na mawe ya mupaka, eti kila muntu apate karatasi yake, tuache kugombana. Siku ile Mama Feza alikuwa Manono, binti yake amezaa. Mupimaji akaangalia miti, akauliza ni nani aliipanda.

"Njo miye," nikajibu, naye akaandika jina langu.

Uongo? Hapana! Njo ile inaniuma... Nilisema kweli, na kwa ile kweli nikamuibia rafiki yangu. Niliwaza: tukifukuzwa tena, tutaenda wapi? Lakini ni nani alikuwa anatufukuza? Hakuna! Asante ya punda ni mateke, na punda ni miye.

Mama Feza akarudi, akakuta mawe. Nilingoja matusi. Aliniuliza tu kama watoto wamekula, akaenda kwake.

Zamani tulipita popote, shamba la huyu, shamba la yule. Sasa kila mumoja ana karatasi yake, na watoto wa Mama Feza wakajenga lupango, uzio murefu, pande tatu. Upande wa nne ni matope. Mvua ikinyesha, maji yananifika kiunoni. Kijana aliyekuwa ananikatia ngazi amekataa kuja. Nataka kuuza, kila mununuzi anauliza njia inapita wapi. Ku kanisa benchi ni yangu peke yangu. Mungu wangu!

Mwezi uliopita nilipita mule matopeni, karatasi nimeifunga katika kitambaa, nikapiga magoti mbele ya Mama Feza. Nikamuambia aichukue, udongo ni wake. Hakuigusa. Nikalia, nikamuomba basi anipe njia tu.

"Njia tulikuwa tunapeana kwa mudomo, Mama Riziki," akasema. "Wewe njo ulitaka karatasi."

Ndugu zangu, wapimaji watafika na kwenu. Karatasi ni nzuri, sikatai! Lakini mukiulizwa ni nani alipanda, semeni pia ni nani aliwapa pa kupanda. Miye nilinyamaza. Sasa nakaa mulangoni, nasikia ngazi zangu zinaanguka chini, moja... moja... na zinaozea pale pale.