Alama ya Reli Mbele ya Kengele

Saa tatu asubuhi. Chumba cha nyuma cha karakana ya matairi.

Wanaume watatu, kiti kimoja. Kiti alikikalia Jenerali. Jeshini hakuwahi kufika, hata kufagia uwanja; cheo alijipa mwenyewe siku alipovunja duka la viatu akatoka na gunia zima la viatu vya mguu wa kushoto. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Jenerali alikuwa na upara.

Aliyechutama karibu na matairi ni Shemeji, mdogo wa mke wa Jenerali. Kazi yake udereva. Kazi yake nyingine kusema ndiyo.

Wa tatu aliitwa Kibodi. Amekalia ringi ya lori, kompyuta mapajani. Ndiye aliyefunga mitambo ya ulinzi kwenye ghala la sonara, akafukuzwa kwa kiburi, na njia ya kuingia kwenye mitambo akaondoka nayo kichwani. Kiburi hakukiacha pia.

"Nieleze kama unamweleza mtu mzima," Jenerali akasema.

"Nitajitahidi."

Akageuza skrini. Mistari mitatu:

kengele=washa
kamera=washa
mlango_wa_nyuma=funga

"Hii ndiyo akili yote ya ghala," Kibodi akasema. "Mashine inasoma faili hili juu mpaka chini, ikimaliza inaanza tena, kama mtoto anayeogopa fimbo. Kila mstari ni amri. Lakini mstari ukiwa na alama ya reli mwanzoni, hii #, mashine inauruka. Inadhani ni fundi anajisemea peke yake. Na mlango usipoamriwa kujifunga, unafunguka wenyewe."

"Si ufute tu?"

"Ukifuta, kesho wanajua. Alama naiweka, tukimaliza naitoa. Faili linabaki kama halijaguswa." Akagonga kitufe kwenye nakala ya majaribio. Mbele ya kila mstari ikasimama reli ndogo. "Skripti yangu hiyo, programu ndogo. Nikibonyeza, inaweka alama. Nikibonyeza tena, inazitoa. Moja, kazi mbili."

Aliita ufundi. Ulikuwa uvivu: mwenye akili angeandika mbili, ya kuweka na ya kutoa, asichanganye. Lakini Kibodi alipenda kusifiwa kuliko kufanya kazi, na humo chumbani hata wa kumsifu hakuwepo. Shemeji alikuwa anaangalia vidole vyake tu. Jenerali alikuwa anachokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu. Baada ya neno "skripti" hakusikia kitu tena.

Saa nne. Kibodi kaenda msalani.

Jenerali akamvuta Shemeji kwa kola.

"Umeona anavyobonyeza?"

"Mshale wa juu, halafu kile kitufe kikubwa. Jana kajaribu mpaka nimekariri."

"Basi leo nikishaingia ndani, mzubaishe. Ubonyeze na wewe."

"Na mimi tena? Si atakuwa ameshabonyeza?"

"Fundi anaweza kujifanya kabonyeza. Halafu kufuli halipigwi nyundo mara moja. Mimi tangu ujana napiga mara mbili. Nimewahi kukamatwa?"

"Mara nne, Jenerali."

"Kwa sababu ya nyundo?"

Shemeji akafikiri. "Hapana. Nyundo haina kosa."

"Basi. Na jambo lingine." Akatoa kitambaa cha kufutia grisi. Ndani, bastola. "Nikitoka na mzigo, huyu hashuki garini. Mwenye kiburi akishikwa, anasema yote ili aonekane anajua. Umenielewa?"

Shemeji akakipokea kitambaa. Alikuwa hajawahi kuua hata mende. Kwao mende waliuawa na dada yake. Akasema ndiyo.

Kibodi akarudi anafunga mkanda, anapiga mluzi. Maisha yake yalikuwa yamebakiza safari moja ya gari, na mluzi wenyewe hakuujua kuupiga.

Saa sita kasoro robo. Uchochoro nyuma ya ghala.

Gari dogo la mizigo. Ubavuni limeandikwa MAUA YA HARUSI. Wazo la Jenerali. Harusi gani hupelekewa maua ghalani, hakujiuliza.

Saa sita juu ya alama wafanyakazi wakatoka kwenda kula. Mlinzi naye akatoka. Alikuwa na kamera na kengele, njaa ya nini tena?

"Bonyeza," Jenerali akasema.

Kibodi akabonyeza. Wakasubiri kiasi cha mtu kufunga kamba za viatu, mashine ilisome faili. Juu ya mlango wa chuma taa nyekundu ikazimika. Mlango ukateleza pembeni taratibu.

Jenerali akaingia na begi. Hakusema asante. Kibodi akajisemea mwenyewe: "Karibu, mzee."

Shemeji akahesabu pumzi. Akaanza.

"Kibodi."

"Nini?"

"Yule mtu kule kwenye kona. Polisi yule?"

Kibodi akageuza shingo. Konani kulikuwa na mwanamke anang'ang'ana na mwavuli. "Huyo? Huyo polisi wa nani, wewe..."

Mshale wa juu. Kitufe kikubwa.

Ukapita muda wa kufunga kamba za viatu. Kisha taa nyekundu ikawaka. Mlango wa chuma ukarudi, taratibu vilevile, ukajifunga ndi. King'ora kikalia mpaka vioo vya gari vikatetemeka.

Kibodi akatazama skrini. Mistari mitatu, haina reli hata moja. Akamtazama Shemeji, na kidole cha Shemeji, ambacho kilikuwa bado hewani kama cha mwanafunzi aliyetaja jibu baya.

"Umebonyeza."

"Nimeongezea nguvu!"

"Umezitoa, zuzu wewe! Nimesema asubuhi! Nikibonyeza tena, inazitoa!"

"Nilikuwa naangalia vidole!"

Simu ikaita. Jenerali. Hata bila kuiweka sikioni alisikika: "Fungueni! Fungueni, nyie kunguni!"

"Bonyeza," Shemeji akasihi. "Mume wa dada yangu yule. Bonyeza kaka yangu."

Kibodi akanyoosha mkono. Ukakomea njiani.

"Nani alikwambia ubonyeze?"

Shemeji akatazama mlango wa ghala.

"Kwa hiyo mlikuwa mnajifunza kufanya bila mimi." Akasema polepole, kwa mara ya kwanza maishani hana haraka ya kuonekana mwerevu. "Akitoka, mimi nakuwa wapi?"

Macho ya Shemeji yakateremka kwenye kile kitambaa cha grisi kiunoni mwake, kitako cha bastola kikichungulia. Macho ya mjinga hayana pazia.

Kibodi akamsukumia kompyuta. "Bonyeza mwenyewe."

Shemeji akashika bastola mkono huu, akabonyeza kwa ule. Mlango haukufunguka hapohapo. Angesubiri kufunga kamba za viatu tu. Hakusubiri. Akabonyeza tena. Na tena, kama anayeita lifti. Ghalani mlango ukaanza kufunguka, ukaghairi, ukafunguka, ukarudi. Katika upenyo ukatokea mguu wa Jenerali, ukarudishwa ndani na matusi yake. Ukatokea mkono. Begi likatoka nusu, likanaswa na chuma, likatema vidani barabarani, likavutwa tena ndani.

Uchochoroni gari la polisi likaziba njia.

Kibodi akafungua mlango, akashuka, mikono juu. Alijua Shemeji hampigi mtu risasi mbele ya polisi. Hata nyuma ya polisi asingempiga. Akatembea kuelekea kwao. Selo ina kuta, kaburi nalo lina kuta, lakini selo ina mlango.

"Lala chini!"

Akalala. Pingu zikaingia. Shemeji naye akatolewa garini, analia, anasema ndiyo kwa kila kitu anachoulizwa, hata jina lake.

Mlango ulikuwa umejifunga tena. King'ora kinaendelea. Sajenti mnene akaziba masikio.

"Nani anaweza kuzima hii takataka?"

"Mimi, afande."

Wakamwekea kompyuta juu ya boneti. Akaitazama mistari mitatu. Akabonyeza mara moja. Akaondoa mkono, akauweka juu ya mwenzake ndani ya pingu, akasubiri.

King'ora kikakatika. Ukimya ukashuka uchochoro mzima; ungesikia sisimizi akikohoa. Taa nyekundu ikazimika. Mlango wa chuma ukaanza kuteleza, na kabla haujafika hata nusu, kutoka gizani ndani ya ghala ikapaa sauti ya Jenerali, nzito, imejaa kuridhika:

"Safi sana, Shemeji! Sasa mmalize huyo mbwa wa kompyuta, tuondoke!"

Akatoka na begi kifuani. Akaona kofia za polisi. Begi likaanguka.

Sajenti akamgeukia Kibodi. "Mbwa mwenyewe nani?"

"Mimi, afande."

"Sogea huku," Sajenti akasema, akitoa kalamu. "Inaonekana una mengi ya kutuambia."