Nyayo Zilizokatika Mstari wa 212

"Mimi sijawahi kumtia pingu asiye na hatia," Inspekta alitamba, kitambi kikimtangulia mlangoni. Dakika tano baadaye alikuwa ameshamtia mmoja.

Marehemu walikuwa chupa elfu mbili za chanjo, zimeharibika kwa joto ndani ya friji ya bohari. Mlinzi wa friji, mama wa makamo aliyeitwa Shangazi na kila mtu, alikaa kitini na pingu zake. Miaka kumi na tisa kazini, na sasa ananukia jela.

"Ulilala?"

"Sikulala. King'ora hakikulia."

"Unakisingizia kwa sababu hakiwezi kujitetea?"

"Mwanangu, kazi yangu ni kukisikiliza. Kilinyamaza."

Fundi mkuu, aliyeandika programu ya friji kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, akageuza kioo cha kompyuta. "Programu yangu imeripoti sifuri. Sifuri maana yake shwari."

Inspekta alikuwa na majivuno, ujinga hakuwa nao. "Chanjo zimeiva, wewe unasema shwari? Hitilafu hupitia wapi?"

"Fanksheni, yaani kipande cha programu chenye kazi moja, ikishindwa huandika jina lake na namba ya mstari, kisha huikabidhi kosa fanksheni iliyoiita. Nayo huandika lake, hivyo hivyo mpaka king'ora."

"Kama sisi na jalada la kesi. Chapisha hiyo orodha."

Karatasi ikatoka. Kusoma joto, mstari wa 40: waya wa kipimajoto umekatika, friji haipozi. Kukagua joto, mstari wa 97: kosa limepokelewa. Kisha weupe.

"Nani alipaswa kupokea baada ya hapo?"

"Fanksheni ya kutoa ripoti."

"Fungua."

Mstari wa 212 uliamuru: kosa likija, lifute, rudisha sifuri. Historia ya faili ilionyesha aliyeuandika, Jumatatu, saa nne asubuhi.

"Jina la nani hili?"

"Langu, afande."

"Kwa nini?"

"Wakaguzi walikuwa wanakuja. Waya ulikuwa unacheza, king'ora kinalia ovyo. Ningeonekana sijui kazi. Nilitaka kunyamazisha siku moja tu, nikasahau kurudisha."

"Na Shangazi alipotiwa pingu?"

"Nikanyamaza pia."

Pingu zikahamia kwake. Inspekta akaketi kuandika ripoti, akijisomea kwa sauti ya kishujaa: "Tangu nilipoingia, nilimshuku fundi mkuu..."

Shangazi alikuwa akikanda alama nyekundu kwenye vifundo vya mikono.

"Mwanangu, na pingu nilizovaa mimi ziko mstari wa ngapi? Au na wewe unafuta kosa, unarudisha sifuri?"

Kalamu ya Inspekta ikanyamaza kama king'ora.