Vifungo Sita vya Mzee Sindano

Lifti ya jengo la zahanati ilikuwa imegoma tena, na watu walijaa pale chini kana kwamba kuna kitu kinagawiwa bure. Katikati ya msongamano huo alisimama dada mmoja mwenye gauni la bluu na raba nyeupe, ameshika kiti cha magurudumu. Kitini alikaa Bibi, mteja wake wa kwanza tangu aanze kazi ya kuhudumia wazee majumbani, na mdomo wa Bibi huyo ulikuwa haujui likizo.

"We fundi!" dada alimpigia kelele kijana aliyezamisha kichwa kwenye mlango wa lifti. "Daktari anamngoja bibi yangu tangu saa tatu. Nimbebe mgongoni?"

Kijana akachomoa kichwa. Ovaroli yake ilijaa grisi hadi kwenye kola, lakini lile tabasamu, mama yangu! "Dakika mbili tu, dada. Na kama ni kubeba watu mgongoni, hata mimi nimechoka."

"Wewe kanawe mikono kwanza."

"Mjukuu wangu," Bibi akadakia, "mpe namba ya simu. Si yangu, yako."

Dakika mbili zikawa ishirini, na katika hizo ishirini fundi akaeleza shida yake. Baba yake alikuwa mshona nguo, mtaa mzima ukimwita Mzee Sindano. Kiharusi kimempiga, mkono wa kulia umelala, ulimi umekuwa mzito, anashinda kitini. Je, dada angeweza kuja kumwangalia asubuhi?

Akaja. Mwezi haukuisha Mzee akapata neno lake la kwanza: "Ka-man-da." Alikuwa amechoka kuamrishwa mazoezi, na jina likamganda dada wa watu. Simu za fundi nazo zikawa haziishi.

"Kamanda, umekula?"

"Nimekula. Umetengeneza lifti ngapi leo?"

"Tatu. Zote zinapanda. Iliyokwama ni roho yangu tu."

"Maneno hayo umeyaokota wapi, laazizi? Yarudishe kwa mwenyewe."

Akacheka peke yake jikoni hadi chai ikafurika. Alishapenda, hana ujanja.

Sasa, Kamanda hakuwa na kampuni nyuma yake. Alikula kwa jina lake: nyumba moja ikimsifu, nyingine inampigia, ikimponda, milango inafungwa. Na alikuwa na sharti moja. Mgonjwa hafanyiwi jambo analoweza kulifanya, hata likimchukua asubuhi nzima. Kila siku, fundi akishaondoka kwenda kazini, alimvika Mzee shati la vifungo sita, akaliacha wazi, kisha akaketi mbele yake na kuikalia mikono yake mwenyewe, maana ilikuwa inamwasha kusaidia.

Siku moja fundi akapita nyumbani bila taarifa, na mfuko wa machungwa. Akamkuta baba yake shati wazi, jasho na machozi vinamtiririka, kifungo kinamponyoka vidoleni. Mpenzi wake amekaa kitako anatazama.

"Baba analia, na wewe umekaa?"

"Usimguse! Amebakiza kidogo."

"Kidogo gani? Huyu amenivalisha mimi utoto wangu wote!" Akavifunga vyote sita upesi upesi. Mzee akageuzia uso ukutani.

"Ungeniuliza kwanza, mpenzi."

"Nikuulize nini? Nimekuleta umtese baba yangu? Nenda zako. Na yeyote atakayeniuliza habari zako, nitamwambia nilichokiona."

Hilo la mwisho lilimchoma kuliko kufukuzwa. Akachukua mkoba, akatoka kichwa juu, na kwenye ngazi ndipo akalia. Alimlilia mwanamume, akalililia na jina lake. Wiki hiyohiyo familia iliyomwahidi kazi ikampigia: "Samahani dada, tumesikia mambo. Tumepata mwingine." Akabaki na Bibi peke yake.

Siku ya kumi alikuwa akimtoa Bibi zahanati. Mlango wa lifti ukafunguka, akapigwa na butwaa. Mbele yake alisimama Mzee Sindano. Amesimama, jamani, kwa miguu yake na mkongojo mmoja! Shati jeupe, vifungo vyote sita vimefungwa, ila cha mwisho kimeingia tundu la jirani na shati limepanda upande. Nyuma yake fundi, suruali imenyooka kwa pasi, mikono ameificha mgongoni.

"Amevifunga mwenyewe," fundi akasema. "Siku tisa nikishika shati ananisukuma, anasema 'Kamanda'. Leo nikasalimu amri. Nikakaa, nikaikalia mikono. Dakika arobaini! Alipomaliza akacheka. Sijamsikia akicheka tangu augue. Nilikukosea sana. Ile familia nimewapigia, nimewaambia mjinga ni mimi. Wanakungoja Jumatatu."

Kamanda alitazama lile shati, machozi yakamlenga. "Na hicho cha mwisho, mbona hukumrekebishia?"

"Nithubutu?"

Akacheka na kulia kwa pamoja. Hapo fundi akatoa kikasha kidogo mfukoni. Mikono inayofungua lifti za ghorofa kumi ikashindwa kufungua kikasha. Kiliteleza, akakidaka, kikateleza tena. Bibi akanyoosha mkono amsaidie. Mzee akauzuia kwa mkongojo wake.

"M-wa-che," akasema. Hakuna aliyemmalizia maneno. "A-ta-we-za."

Kikasha kikafunguka.

"Kamanda, utakubali kuniamrisha maisha yangu yote?"

"Nakubali. Na mazoezi yanaanza kesho."

Vigelegele vikalipuka, Bibi akiviongoza. Kamanda akanyoosha kidole, akangoja. Pete ikakwama kwenye kifundo, fundi akaloa jasho, na mwanamke yule hakumsaidia hata kidogo mpaka ikaingia.